Somo Lisiishie Kwenye Simu Yako

Wazazi wa Kona Baridi, fungueni kikundi cha WhatsApp cha shule. Pandeni nacho hadi Jumatatu iliyopita, kisha mshuke polepole mkisoma kila ujumbe. Mtakuta ukumbusho wa karo. Mtakuta mchango wa basi, tangazo la mkutano, picha ya sweta iliyopotea, sala ya asubuhi iliyosambazwa kutoka kikundi kingine, video ya ajali ambayo hakuna aliyeiomba. Mtakuta "Amina" nyingi. Sasa tafuteni hesabu moja. Tafuteni swali moja la sayansi, ramani moja, sauti ya mwalimu akieleza jambo ambalo mtoto hakulielewa darasani. Mkilipata, mshukuruni Mungu na mumshukuru mwalimu huyo, maana walio kama yeye ni wachache. Msipolipata, basi neno hili limewajia ninyi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai akiwa kifungoni, na wengi wao hawakuwahi kumwona kwa macho. Barua ilibebwa na Tikiko, akiandamana na Onesimo. Mwishoni, katika sura ya 4, kuna agizo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio wakielekea kwenye salamu: barua hii ikishasomwa Kolosai ipelekwe ikasomwe na kanisa la Laodikia, nao Wakolosai waipate ile iliyoko Laodikia waisome. Liangalieni agizo hilo, ndugu zangu. Lina kupeleka na lina kupokea. Tena siku zile barua ilisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, kwa kuwa wasiojua kusoma walikuwa wengi. Nakala moja, msomaji mmoja, nyumba nzima imekaa kimya inasikiliza. Hakuna aliyeruhusiwa kuikunja akaiweka kifuani akasema imeletwa kwake.

Hilo ndilo ninalolidai leo kwa simu zetu. Somo likifika kwenye simu yako, lisiishie hapo. Limepelekwa kwa mtoto, na mtoto hana simu.

Na ni vyema kwamba hana. Sikuja kuwaambia mumnunulie simu mtoto wa Gredi ya 5. Shule zetu hazitaki simu darasani, na zina sababu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi akishavurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili yake kwenye somo. TikTok na Facebook zenyewe zimeweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa. Kwa hiyo ninyi wazazi ndio msomaji aliyesimama mbele ya kanisa na barua mkononi. Mkinyamaza, Laodikia haisikii kitu.

Tulishaonyeshwa matokeo ya kunyamaza. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote wakasubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Taasisi ya mitaala, KICD, ilipeleka vipindi redioni, kwenye runinga na mtandaoni, na aliyekuwa na redio, runinga au bando alishika kitu. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kutuambia ukweli wetu: kati ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi, waliomiliki simu walikuwa asilimia 47.3, na waliotumia intaneti asilimia 22.6 tu. Ukitoka kwenye mitaa ya Kitengela yenye waya wa intaneti hadi mlangoni, ukaja huku ukingoni mwa Bonde la Ufa ambako mtandao huja na kwenda, unajua bila kuambiwa ni upande gani wa hesabu hiyo unaoukanyaga. Huku wavulana walifuata mbuzi. Wasichana, wengine, hawakurudi shuleni kabisa, nasi tunajua walikopelekwa.

Mwezi Julai 2020 maputo ya kampuni ya Loon yalianza kazi angani kusambaza intaneti katika sehemu za nchi yetu, na dunia nzima ikashangaa. Januari 2021 kampuni ikatangaza kuyafunga. Maputo yalikuja yakaenda. Simu ya mama ilibaki, ikiwa na ufa kwenye kioo, ikichajiwa kwenye kibanda cha dukani, na hadi leo iko mfukoni mwake.

Msiniambie basi kwamba tungoje vifaa. Mwaka 2019 mwalimu wa Kenya, Peter Tabichi, alitunukiwa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Alifundisha wapi? Shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, yenye kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha. Alikwenda kwenye saiba, akapakua alichohitaji, akakibeba hadi shuleni, akafundisha bila intaneti. Mtandao uliishia kwenye saiba, naye akaumalizia kwa miguu. Tazameni hapo, walimu wangu, mzee wa kanisa mwenye Wi-Fi nyumbani, kijana unayefanya kazi Nairobi na kurudi Kiserian jioni na bando la mwezi: sehemu ya njia ambayo mtandao hauifikii ni yenu kuitembea.

Wengine wanasema mitandao ni ya upuuzi, haiwezi kufundisha. Nitawakumbusha Juni 2024. Vijana wa nchi hii walichukua Mswada wa Fedha, maandishi ya sheria yenye kurasa nyingi na vifungu vinavyorejelea vifungu, wakausambaratisha kwenye TikTok kipande kwa kipande. Waliueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama zao. Kwenye X walikesha wakiulizana na kujibizana kwa sauti, maelfu kwa maelfu. Tarehe 25 damu ilimwagika, nami siitaji siku ile bila huzuni; kuna mama ambao hawatafarijika. Tarehe 26 Rais Ruto alisema hatautia sahihi. Chochote mnachofikiri juu ya siasa zake, kumbukeni hili: watu ambao hawakuwahi kufungua mswada maishani mwao walijifunza mswada, na waliufundishwa na wenzao kwenye simu. Je, kuna sura yoyote ya kitabu cha Gredi ya 8 iliyo ngumu kuliko ile?

Na walijifunza kwa sababu ya namna walivyofundishana. Mtu alisema jambo moja, fupi, kwa lugha ya nyumbani. Mwingine akauliza. Wa tatu akasahihisha. Hakuna aliyetupa faili ya kurasa 40 akaenda kulala. Walimu, mnaponisikia nikisema kikundi kiwe darasa, msidhani nataka mmwage humo vitabu vizima. Faili kubwa inakula bando la mzazi, haifunguki kwenye simu ndogo, na haimsemeshi mtoto.

Nataka hivi. Saa kumi na mbili na nusu jioni mwalimu wa Gredi ya 4 anabonyeza alama ya kipaza sauti na kusema: leo niliuliza ipi kubwa, theluthi au robo, na wengi mkasema robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Mama, mpe mtoto vipande viwili vya karatasi vinavyolingana, kimoja akikunje kiwe sehemu tatu sawasawa, kingine sehemu nne, kisha aniambie mwenyewe alichokiona. Hayo tu. Dakika moja na nusu, sauti ambayo haifiki hata robo ya uzito wa video. Huko chini ya mteremko mama anaiweka simu kwenye spika juu ya kigoda. Wamo watoto wake na wawili wa jirani mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Hawana karatasi nyeupe, wanapasua pakiti ya unga. Msichana anakunja, anafungua, anapima kipande kwa kidole, anaguna. Mama anamshikia kitufe, naye anajibu, kwanza kwa Kimaasai, halafu kwa Kiswahili: kipande cha tatu ndicho kikubwa, kwa kuwa waliogawana ni wachache. Jibu linakwenda.

Mwalimu anasikiliza majibu yale usiku. Wanne wamekunja vibaya. Mmoja amesema neno zuri kuliko la kitabu. Kesho anaingia darasani akijua aanzie wapi na aanze na nani, badala ya kungoja mtihani wa mwisho wa muhula umwambie habari hiyo ikiwa imechelewa. Na mama naye, ambaye labda aliachia shule darasa la 3, ameshiriki katika somo la hesabu. Nani alimwambia kwamba hafai? Mtaala wetu wenyewe unataka watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katika Kimaasai, mama yule ana mamlaka makubwa kuliko mwalimu aliyetumwa hapa kutoka kaunti nyingine. Akina mama, yeyo zangu, msiseme tena "mimi sikusoma". Bonyezeni kitufe.

Kwa wenye kabambe pia mlango upo. Eneza Education, kupitia Shupavu 291, ilionyesha kwamba hata ujumbe mfupi wa maandishi unaweza kumuuliza mwanafunzi swali na kumjibu. Tena kila kikundi kiwe na orodha ya kaya zisizo na WhatsApp, na kila kaya kama hiyo iwe na jirani aliyekubali kuisomea. Wenye kikundi msiwahesabu walioingia. Wahesabuni walio nje.

Sasa nasema jambo zito, na ninawaomba msikilize hadi mwisho. Mlango huu huu unaopitisha somo unapitisha mwizi. Mwalimu mwanamume anayemwandikia msichana faraghani, usiku, hata kama ameanza na swali la kemia, azuiwe siku hiyo hiyo. Tume ya walimu, TSC, ilitoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na waraka ule haukuwahi kusema kwamba WhatsApp imesamehewa. Mafundisho yote yawe kikundini, kwa uwazi, mzazi akiwa ndani. Hakuna somo linalohitaji giza. Baba ukiona mwalimu anataka namba ya binti yako ilhali ya kwako anayo, usinyamaze kwa heshima. Nenda shuleni, na ukipuuzwa nenda TSC, na mambo ya jinai nenda polisi.

Picha za watoto pia. Tunazo shule zinazomwaga nyuso za wanafunzi kwenye Facebook kila muhula ili kuvutia wazazi wapya, majina yakiwa kifuani na sare ikionyesha mahali pa kuwapata. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha ya karatasi iliyokunjwa inatosha kuonyesha kazi. Mkono wa mtoto unatosha. Uso uacheni.

Na wale wanaowauzia watahiniwa karatasi za mtihani wa KCSE kwenye Telegram! Mwaka 2015 mitihani iliibwa ikasambazwa kwenye simu, na Machi 2016 baraza la mitihani, KNEC, likavunjwa. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilizuiwa nchini wakati wa mtihani, kila mtu akakosa huduma kwa ajili ya wezi wachache na wanunuzi wengi. Wanunuzi ni sisi. Mzazi anayetuma M-Pesa kwa mtu asiyemjua ili mwanawe apate majibu, huyo amemfundisha mtoto jambo moja kwa ukamilifu, na halimo katika mtaala wowote. Wengi wa wauzaji wana karatasi bandia, lakini hilo halipunguzi dhambi hata chembe.

Liko kosa la nne, na ndilo linalonichoma zaidi kwa sababu linafanywa na watu wema. Orodha ya wadaiwa karo kutundikwa kikundini. Alama za mtihani, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, majina yote, mbele ya wazazi mia. Mtoto aliyekuwa wa mwisho anajua kwamba kanisa zima limesoma. Baba aliyepoteza ng'ombe katika kiangazi kile cha kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikikosa kunyesha vizuri mfululizo, anaona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa na kiasi anachodaiwa. Anafanya nini? Anajitoa kikundini. "Fulani ameondoka." Na siku hiyo mtoto wake amepoteza kila sauti ya mwalimu itakayokuja baadaye. Wakuu wa shule, nawasihi kwa jina la Bwana: deni ni la kuongea na mtu mmoja. Mpigie. Kikundi cha masomo kisitaje pesa hata siku moja. Wekeni kingine kwa mambo ya fedha na mkutano, na hiki kiachwe kwa mtoto.

Walimu nao tusiwaue kwa kazi. Tangu Gredi ya 7 ianze Januari 2023 ndani ya shule za msingi, wako walimu wa sekondari msingi waliojikuta na masomo ambayo hawakuyasomea, bila mwenzao wa kumuuliza karibu. Hao wanahitaji kikundi chao wenyewe, kisicho na mzazi wala mkaguzi, cha kuuliza bila aibu. Njia hiyo imeshajaribiwa kwenye nchi hii hii, mahali pagumu kuliko hapa: katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma huko Turkana, kuanzia 2016, chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia kiliwapa mafunzo walimu zaidi ya 100, wengi wao wakimbizi waliosimama mbele ya madarasa ya watoto mia na kupita, kisha kikawaunganisha kwa WhatsApp na walimu washauri wa nchi za mbali. Swali la asubuhi kambini likapata jibu kabla ya somo la kesho. Kama Turkana iliweza, kwa nini mwalimu wa Kona Baridi asiwe na mwenzake wa fizikia Kitengela, na mwingine Loitokitok?

Ila bando hilo asilinunue kwa mshahara wake. Sisi ni watu wa harambee. Tumechangia matanga na harusi kwa simu hizi hizi. Changeni bando la mwalimu kila mwezi, mlijue, mlitangaze. Na ikipita saa mbili usiku mwacheni apumzike. Nanyi makanisa mliofunga sola, mkanunua kamera, mnaorusha ibada ya Jumapili kwenye Facebook: Jumanne na Alhamisi kifaa kile cha intaneti kimezimwa kwenye kabati. Kitoeni. Fungueni mlango alasiri, mama wachaji simu, wapakue sauti za wiki, waende nazo nyumbani zikiwa zimo tayari. Sadaka ilikinunua. Watoto wakile.

Wazee watauliza kama haya si mambo ya wageni. Teremkeni barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, pale penye mashoka ya mawe. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba watu waliokaa pale zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walitumia mawe ya obsidiani ambayo hayapatikani pale, yaliyoletwa kutoka umbali wa makumi ya kilomita. Walipelekeana. Kundi moja lilijua kitu ambacho jingine halikuwa nacho, na kikapita mkono kwa mkono katika bonde hili hili tunalolitazama tukiwa tumesimama na makoti hapa penye upepo. Kupelekeana ni kwetu, kabla ya mashine zile za upepo kuinuliwa juu ya vilima vya Ngong, kabla ya barabara.

Kwa hiyo nawapa kazi, nami nataka iwe imeanza mvua za Oktoba zikifika. Kila shule iliyo tayari ikate chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, iitie rula, iisimamishe mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Saa moja asubuhi watoto wapime mvua ya usiku kwa milimita na joto kwa kipimajoto cha bei ndogo. Mwalimu apige picha ya chupa, si ya watoto, atume. Kona Baridi iwapelekee Kitengela kipimo chake. Kitengela, huko kwenye uwanda wa Athi, nao watume chao. Magadi watume cha kwao, karibu na ziwa, kwenye mita kama 600 tu juu ya usawa wa bahari. Watoto wenyewe waulize kwa sauti zao kwa nini wa ukingoni wanatetemeka ilhali wa chini wamevua masweta saa ile ile. Kwa nini wingu lililopita hapa halikuacha kitu kule. Wabishane. Wa Magadi wawasahihishe wa Kitengela. Wachore mistari kwenye daftari, mwezi mzima, shule tatu kwenye ukurasa mmoja.

Na mzazi, asubuhi hiyo namba zikifika kabla mtoto hajavaa viatu, mwite uzisome naye kwa sauti, na mtoto wa jirani umwite pia.